Makame, 1304

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa glovu, Makame aliugonga ule ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, kisha akasonya. Ulikuwa ukuta wa ghorofa tatu wa matofali mekundu, wenye madirisha marefu ya matao, na juu kabisa ukingo mzito wa chuma chenye nakshi, uliotokeza mbele kama kofia. Mtu akisimama barabarani angeapa kwamba umekula theluji miaka mia na arobaini. Lakini theluji haianguki Umm Salal, nje kidogo ya Doha, na matofali yale hayakuwa matofali. Yalikuwa povu, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, limekatwa kwa waya wa moto, likapakwa saruji nyembamba kama ganda la yai, kisha likapigwa rangi. Chuma cha juu nacho povu. Nyuma ya ukuta palikuwa na mabomba ya kuushikilia, mchanga, na choo cha mafundi.

"Mbuzi akijikuna hapa," Makame alimwambia Laban, "anaondoka na nyumba nzima mgongoni."

Laban, mpaka rangi kutoka Kakamega, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuwa juu ya ngazi akiyachafua matofali. Ndiyo kazi aliyoajiriwa: kuchafua. Kwa sifongo na maji ya rangi nyeusi aliutia ukuta masizi ya magari-moshi ambayo hayakupita, na michirizi ya mvua ambayo haikunyesha.

"Mzee, wewe kila siku ni kulalamika tu," Laban alijibu bila kugeuka. "Ukuta iko fiti. Madamu akipenda, sisi tunakula."

"Kula, kula! Hamjui jingine."

Mwenye mradi alikuwa tajiri mmoja aliyeona wenzake wameshajenga Italia na Ufaransa ndani ya maduka yao, akatafuta ulimwengu ambao haujachukuliwa. Akaambiwa kuna miji midogo ya kaskazini-mashariki mwa Amerika, ile ya viwanda vilivyokufa, ambayo mitaa yake ya katikati bado ina majengo mazuri ya matofali, duka chini na vyumba juu, saa kubwa penye kona na benki yenye nguzo. Akasema basi, hiyo. Ukuta huu mmoja ulikuwa sampuli. Ukikubaliwa, zitafuata nyumba thelathini na nane, barabara nzima, na watu watanunua kahawa chini ya madirisha ya povu na kupiga picha.

Makame alikuwa msimamizi wa mafundi wa karakana iliyokata povu lile. Kabla ya hapo, kule kwao Unguja, alikuwa fundi wa chokaa, na si fundi wa kubahatisha. Alifundwa na wazee waliokuwa wakiloweka chokaa miezi mitatu kabla ya kuigusa, waliochanganya udongo mwekundu kwa kuonja kwa ulimi, waliotwanga sakafu ya juu ya nyumba kwa vijiti siku tatu mfululizo mpaka ikawa haipitishi tone. Wageni wa miradi ya kuhifadhi Mji Mkongwe walimfuata yeye kumuuliza, ndipo alipojifunza Kiingereza. Alikuja Doha akiwa na ndoto kwamba atapewa nyumba za zamani za huku, za mawe na chokaa kama zao, azitengeneze. Akapewa povu. Miaka kumi na moja sasa, na kwa miaka hiyo yote aliikalia dharau yake kama mtu aliyekalia kiti cha baba yake.

Aliwadharau wote. Alimdharau tajiri kwa kutojua tofauti ya jiwe na boksi. Alimdharau Laban kwa kuridhika. Wenzake watano wa chumbani kule mtaa wa Najma aliwadharau kwa kusifia maghorofa ya vioo kila basi la kampuni lilipopita mbele yake. Na zaidi ya wote alimdharau Madamu Valerie, mtaalamu aliyeletwa kutoka Amerika kuhakikisha kwamba uongo ule unafanana na kweli.

Madamu Valerie alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye kofia pana na viatu vya kupandia milima. Alizaliwa katika mji mdogo uitwao Bellingford, ndani kabisa ya jimbo la New York, mbali na lile jiji la maghorofa, penye mto na viwanda vilivyokuwa vikishona mashati. Alikuja na jalada nene la picha, na kila nyumba ya jalada lile aliiita kwa jina kama mtu anayewaita wajukuu zake. Angeweza kusimama saa nzima akibishana juu ya upana wa mstari wa saruji kati ya tofali na tofali.

"Huu ni mpana mno, Makame," alisema. "Zama zile matofali yalibanwa. Mstari ulikuwa mwembamba, karibu usiuone."

"Sawa, Madamu," Makame alijibu. Moyoni akasema: mama mzima, unapimia povu rula.

*

Nyumbani kulikuwa na neno jingine, na neno hilo ndilo lililokuwa likimkaa kooni mchana na usiku.

Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ilikuwapo nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa na baba wa babu yake, naye akiitwa Makame. Babu huyo alikuwa mwashi. Aliwajengea matajiri majumba yao, na kila jioni akarudi na mawe yaliyobaki, jiwe moja begani, mpaka akajijengea ya kwake. Mlango aliuchonga mwenyewe, mdogo, wa maua machache, na juu yake akaandika kama walivyoandika wakubwa wa mji: jina lake, na mwaka wa Hijria, 1304. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa akiishi mama yake Makame, Bi Saada, mwenye miaka sabini na minane.

Mwenye hoteli mmoja alikuwa akiitaka. Masharti yake yalikuwa mepesi: uso wa nyumba na mlango utabaki kama ulivyo, nyuma vitapanda vyumba vipya vya zege, na Bi Saada atahamia nyumba nzuri ya chini kule Fuoni, nje ya mji, yenye maji na umeme. Dada yao Khadija alikwisha kutia saini. Ndugu yao mdogo, Sudi, alikwisha kutia saini. Ilibaki saini moja tu, ya Makame.

"Kaka Makame," Khadija alimtumia sauti kwa simu, kwa mara ya ishirini pengine, "n'nakuomba. Dari la chumba cha juu limeshuka. Mama tumemteremsha chini, analala pale ukumbini penye mlango. Mvua za masika hizi zinakuja. Tia saini, baba, mama apate kulala pakavu."

Makame alimjibu palepale, na jibu lake alilisikiliza mara mbili kwa kulipenda:

"Nyumba si barakoa, Khadija! Mnataka kuivua uso mkavisha zege? Nyie hamna haya. Babu kabeba jiwe moja moja, nyie mnaibwaga kwa kalamu. Mie miaka yote hii nafanya kazi ya uongo, naujua uongo ulivyo. Nyumba ya Makame haiwi uongo nikiwa hai."

Ile karatasi ya kutia saini aliichapisha katika kiduka cha kuchapa barua kule Najma. Hakuichapisha aisaini. Aliichapisha apate kuwaonyesha wenzake wa chumbani ujinga wa ndugu zake, na kweli waliuona, wakacheka naye. Baadaye aliikunja nne, akaitia kwenye mfuko wa chakula, na humo ikakaa miezi minne ikinuka vitunguu.

Mama yake hakuwahi kumwomba saini. Bi Saada alimwomba jambo jingine, na alimwomba kila mwaka kwa maneno yaleyale: "Mwanangu, njoo unizibie sakafu ya juu. Si kazi kubwa. Wewe ndiye fundi." Tundu lilikuwa dogo wakati lilipoanza, pale kwenye kona ya kibla, na Makame aliliona kwa macho yake mwaka alioondoka. Mwaka wa kwanza alisema atakuja baada ya mfungo. Mwaka wa tatu akasema mkataba. Aliporudi likizo mara mbili, mara zote alifika siku za harusi na misiba, akapanda juu, akalitazama tundu, akaeleza kwa kirefu kwamba mafundi wa siku hizi wataliharibu kwa saruji na wasiruhusiwe kabisa kuligusa, akashuka, akapanda ndege. Sudi aliwahi kuleta mfuko wa saruji azibe mwenyewe. Makame alimtukana kwa simu mpaka Sudi akaurudisha dukani.

*

Siku tatu kabla ya ukaguzi, Madamu Valerie alimwita Makame chini ya ukuta, akamwonyesha mahali patupu katikati ya ule ukingo wa juu.

"Hapa pana jina na mwaka," alisema. "Majengo yetu yote yalikuwa hivyo. Mfanyabiashara akijenga, anaandika jina lake juu, watu wamwone. Majina ya mradi bado hayajaletwa, na ukaguzi ni Jumatano. Tia jina lolote na mwaka unaofaa, uonekane wa zamani. Ni sampuli tu."

"Lolote?"

"Lolote."

Hapo dharau ya Makame ikapata kazi ya kufanya. Alijifungia karakana mchana kutwa. Waya wa moto hakuutaka. Alichukua patasi zake mwenyewe, zile alizotoka nazo nyumbani, akachonga herufi kwa mkono kwenye ubao wa povu, moja moja, kwa mkato wa mlango wa Kiponda. Alitaka kuwacheka. Alitaka liwepo jambo moja la kweli juu ya ule uongo, na asijue mtu ila yeye. Na mkono wake, ulipofika kwenye mwaka, ulikwenda wenyewe kama alivyouzoea: nyumba ya zamani ina jina na ina mwaka wa zamani, na mwaka wa nyumba alioujua Makame tangu utotoni ni mmoja. Hakusimama kufikiri kwamba Bellingford walihesabu miaka kwa hesabu nyingine.

MAKAME 1304.

Laban aliupaka rangi, akauchafua, wakaupandisha. Makame alirudi nyuma hatua kumi, akautazama, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Tazameni babu yenu alivyofika Arabuni. Nyumba ya boksi!" Sudi alicheka. Khadija hakujibu. Bi Saada, ambaye mjukuu humshikia simu, aliiona pia.

Jumatano alikuja mhandisi wa mwenye mradi, Mkatari mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na nyuma yake watu sita wa kubeba makaratasi. Madamu Valerie alianza kueleza. Alieleza matao, akaeleza madirisha, akaeleza viwanda vya mashati. Mhandisi alitikisa kichwa kwa adabu mpaka macho yake yakapanda juu, yakakwama.

"Elfu moja na mia tatu na nne," alisoma. "Madamu, mwaka huo Amerika ilikuwa ya nani?"

Watu sita wakacheka kwa pamoja, maana ndiyo kazi ya watu sita. Madamu Valerie alitazama juu, uso ukamwiva, akamgeukia Makame.

"Makame, ni nini hiki?"

Makame alitazama juu. Kosa aliliona wakati huohuo, lote, kubwa kama ukuta wenyewe, na la kumtia aibu mbele ya watu aliowadharau. Lakini kabla hajafungua mdomo, mhandisi alikwisha kupiga hesabu kwa vidole.

"Ngoja. Wallah! Huyu ameandika kwa Hijria. Ni elfu moja mia nane themanini na saba." Akamtazama Makame. "Nani huyu Makame?"

"Baba wa babu yangu, bwana. Aliijenga nyumba yetu. Iko Zanzibar."

"Ipo mpaka leo?"

"Ipo," Makame alisema, na kifua kikamjaa. "Ya mawe."

"Mashallah. Hili libaki." Mhandisi aliwageukia watu wake. "Andikeni, jina hili libaki, na mwaka wake hivihivi. Watu watauliza, tutawaambia. Khalas, ukuta umepita."

Wakapeana mikono. Laban, juu ya ngazi, alimkonyeza Makame mpaka sura ikapinda.

Wageni walipoondoka, Madamu Valerie aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Makame alidhani atamfokea. Badala yake alimuuliza juu ya nyumba ya Kiponda, nani anakaa, na hali yake ikoje.

"Anakaa mama yangu. Chini."

"Na juu?"

"Juu hapakaliki kwa sasa."

Madamu alitikisa kichwa polepole. Alifungua jalada lake, akamwonyesha picha ya nyumba waliyokuwa wakiiiga, ile halisi, ya 1887. Chini duka la viatu. Juu madirisha yameshushwa mapazia.

"Juu hapakukaa mtu tangu mimi mtoto," alisema. "Mji wetu ulikuwa hivyo wote. Duka chini, taa zinawaka, juu giza miaka hamsini. Nilikuwa kwenye kamati ya kulinda majengo ya kale. Mwenye nyumba alikuja kuomba kutia madirisha ya plastiki, tukamkatalia. Alikuja kuomba agawe vyumba juu apangishe, tukamkatalia, angeharibu ngazi. Alitaka kuezeka bati jipya la bei rahisi, tukamwambia si la zama zile. Kila mara nilisimama mimi nikasema, na watu walinipigia makofi. Niliwadharau wote waliotaka kuigusa."

"Ikawaje?"

"Akachoka. Tundu la paa hakuliziba, na sisi hatukupanda hata siku moja na ndoo ya lami. Likala mbao miaka tisa. Siku moja ya Februari nyumba ikaangukia yote ndani, ukabaki ukuta wa mbele. Wakaubomoa mchana uleule kwa usalama. Sasa ni maegesho ya magari. Ndiyo maana nikaja huku." Aliufumba mkono akaugonga ukuta wa povu, taratibu. "Haipo pengine popote ila hapa."

Makame alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, na heshima ile ilikuwa ya shingoni tu. Watu gani hawa, aliwaza. Mtu unaipenda nyumba, unaiacha inavuja mpaka inakuangukia, kisha unapanda ndege ukaililie kwenye povu. Mie nisingekubali. Jioni ile kule Najma aliwasimulia wenzake habari ya Madamu na kamati yake, akaigiza sauti yake na mikono yake, na chumba kizima kikavunjika mbavu.

*

Masika yalishuka Unguja wiki ya pili yake. Doha jua lilikuwa linaanza kuuma. Amri ilikwisha kutoka, mbao za povu za nyumba thelathini na nane zilikuwa zikikatwa, na ubao wa MAKAME ulichongwa upya, mkubwa zaidi, wa kudumu. Ulikuwa umesimamishwa sakafuni karakana, saruji yake haijakauka vizuri, siku simu ilipolia saa nane mchana.

Alikuwa Khadija, na safari hii hakutuma sauti. Alipiga.

"Kaka, nyumba imeanguka."

Makame aliweka chini patasi aliyoishika.

"Alfajiri ya leo. Sakafu ya juu yote imeshuka, imechukua ukumbi, imechukua jikoni, kila kitu. Umebaki uso na mlango. Watu wa manispaa wameshaweka kamba."

"Mama?"

"Mama yuko kwangu. Nilimchukua Jumatatu."

Makame alichuchumaa palepale kwenye vumbi la povu. "Jumatatu? Leo Alhamisi. Mbona hamkunambia?"

"Tukwambie ututukane?" Sauti ya Khadija haikuwa ya hasira, na afadhali ingekuwa ya hasira. "Sudi alisema, tukimwambia Makame kuwa tunamtoa mama atasema tunaiua nyumba. Tukamtoa kwa siri, kama wezi, mama yetu wenyewe. Tuliuogopa ulimi wako, kaka. Na lau tungekuogopa siku tatu zaidi, leo ungekuwa unakuja kuzika."

Alisema pia kwamba mwenye hoteli bado anautaka uso. Ametaka majibu leo, kwa sababu manispaa nao wanataka kuuangusha kabla ya kesho kwa usalama. Akipata saini zote tatu, ataleta mbao za kuuegemeza jioni hii hii. Asipopata, hakuna uso, hakuna mlango, na hakuna nyumba ya Fuoni.

"Mama anataka kusema na wewe," Khadija akamaliza.

Kukawa na kelele za simu kubadilisha mikono. Makame alijiandaa kulia, alijiandaa kulaaniwa, alijiandaa kuambiwa maneno ya kufariji ambayo angeyastahimili. Bi Saada alikohoa kidogo.

"Makame."

"Naam, mama."

"Nimeiona ile picha yako. Nyumba ya babu yako huko uliko. Nzuri. Ile haivuji?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Miaka kumi na moja Makame alikuwa na majibu ya mafundi wa siku hizi, ya saruji, ya mwenye hoteli, ya haya na ya barakoa. Hakuna hata moja lililowahi kuziba tundu. Alisikia mama yake akimrudishia Khadija simu, na simu ikakatika.

Aliikumbuka kona ya kibla. Tundu lenyewe, mwaka alioondoka, lilikuwa la kupitisha vidole viwili. Debe moja la chokaa, udongo kidogo, vijiti, siku tatu za mkono wake. Aliikumbuka hesabu hiyo kwa sababu aliifanya mwaka uleule, na kila mwaka baadaye, na kila mara ilitoka vilevile. Na hapo akamkumbuka Madamu Valerie juu ya ndoo, na jinsi alivyoigiza sauti yake chumbani watu wakacheka, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mtu yeyote, kwa kuwa sasa mtu aliyekuwa akimdharau alikuwa yeye mwenyewe na hakuwa na pa kumkimbia.

Aliinuka, akauendea mfuko wake wa chakula, akatoa ile karatasi inayonuka vitunguu. Aliikunjua. Karakana haikuwa na meza isiyo na rangi mbichi, basi akaiegemeza karatasi kwenye kilichokuwa karibu, ubao wenye jina lake, akaandika. Aliandika kwa nguvu mno. Kalamu ilipofika mwisho wa jina ilitoboa karatasi, ikatoboa saruji, ikazama ndani ya povu mpaka vidole vikagusa. Aliichomoa. Akaipiga picha karatasi ikiwa na tundu lake, akaituma kwa Khadija, bila neno.

Laban alikuwa amesimama mlangoni na sifongo yake. Aliona uso wa Makame, akaona lile shimo chini ya jina, akaamua kuzungumzia shimo.

"Mzee, umetoboa. Si nizibe mimi? Ni kitu ya dakika moja."

"Usiguse," Makame alisema. "Naziba mwenyewe."

Alichanganya saruji kwenye kikopo, akaipima maji kwa jicho, akailaza ndani ya tundu kwa ncha ya kisu, tabaka la kwanza, akangoja, akatia la pili. Alilisawazisha kwa kidole kilicholowa. Aliinama akalitazama kwa upande, kwenye mwanga, akaona bonde dogo ambalo hakuna mgeni yeyote angeliona kutoka barabarani, akaliongezea. Kisha akamwachia Laban alipake rangi.

Kazi yote ilichukua dakika kumi.